Akaunti ya Watu Wawili na Ng'ombe Mmoja

Kaptembwo, Nakuru,
Jumapili, baada ya kanisa.

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Wanpen. Hapa sote tuko salama, ukiondoa mafua ya vumbi ambayo Kaptembwo hayana msimu. Goti lako linasemaje? Natumaini limetulia tangu baridi ya Keringet ilegee, na kwamba ile soksi ya goti aliyokuletea Wanpen unaivaa mwenyewe. Mama aliniambia aliikuta imevalishwa mtungi wa maziwa. Mwambie Mama kabichi zilifika zikiwa nzima, tukagawana na mwenye nyumba wetu, Mama Shiko, na tangu siku hiyo haachi kuniuliza kama kuna mtu anashuka kutoka Keringet. Na viazi je? Nimesikia mvua imewalazimisha wengi kuchimba kabla ya wakati. Kama mtahitaji mikono, niambieni, nitakuja.

Utajiuliza kwa nini ninakuandikia barua kana kwamba simu zimekufa. Baba, nakujua vizuri. Ukisikia neno usilolipenda unakata simu, halafu unampigia Mzee Kosgei kumsimulia nusu uliyoisikia. Habari ninayokuletea leo ina nusu mbili, na ya kwanza ndiyo chungu. Barua haikatiki. Nimempa dada yangu Joyline aikabidhi mkononi mwako, na nimemwagiza asiondoke hapo jikoni mpaka ufike mwisho. Kwa hiyo vaa miwani, mwambie Mama asogeze chai, na ukifika mahali unapotaka kusimama, endelea kusoma.

Nusu ya kwanza ni hii. Akaunti ya benki tumefungua. Ina majina mawili, langu na la mke wangu. Jina lako halimo.

Sijasahau ulichosema wakati wa Pasaka mbele ya baba wadogo wote. Ulisema mgeni ni mgeni, siku akipanda ndege pesa nayo itapanda ndege. Ulisema akaunti iwe yako na yangu, na kwamba ungekuja Nakuru siku yoyote nitakayotaja, umevaa koti, uweke sahihi. Kisha ukasema kwamba nikiliweka jina la Wanpen huko, basi Desemba usitafutwe. Hutatufunga nyasi ya ndoa, segutiet, mikononi kama ulivyowafunga kaka zangu na wake zao, na tuendelee kukaa hivyo hivyo kama watu waliokutana stendi. Maneno hayo yaliniuma, Baba, na nataka ujue yaliniuma. Lakini yalimuuma Wanpen zaidi, maana yeye ndiye anayeingoja hiyo Desemba kuliko mimi. Siku ya harusi yetu kule Thailand wazee wa kwao walitufunga uzi mweupe mikononi, mmoja baada ya mwingine, wakitunenea mema. Nilipomweleza kwamba hata kwetu kuna kufungwa mikono, alifurahi sana, akasema basi hatakuwa mgeni siku hiyo, atakuwa anajua pa kuweka mkono.

Sikukataa sahihi yako kwa dharau. Acha nikueleze, kwa sababu Pasaka hukunipa nafasi.

Uyoga ni kazi ya Wanpen. Sisemi hivyo kumpamba. Tulipotoka Doha, ambako mimi nililinda lango la hoteli na yeye alikatakata mboga jikoni mwa hoteli hiyo hiyo, wazo langu lote lilikuwa kununua boda boda. Yeye ndiye aliyeona mabua ya ngano yakichomwa kule Njoro akauliza kwa nini watu wanachoma chakula. Kwao mama yake analima uyoga nyuma ya nyumba, na yeye amekua akiushika. Akayachemsha mabua kwenye pipa, akayashindilia kwenye mifuko, akaining'iniza katika chumba ambacho Mama Shiko alikuwa akiwekea makaa. Wewe mwenyewe ulikuja ukatazama, ukasema tumeacha ardhi ya Keringet tukaja mjini kulima ukungu. Sasa ukungu huo unaliwa katika hoteli moja kule upande wa ziwa, na kuna supamaketi inautaka kila wiki. Watu hao hawatumi malipo kwa simu ya mtu. Wanataka akaunti. Hapo ndipo benki ilipoingia katika maisha yetu.

Halafu kuna Milcah. Ulimwona, yule jirani yetu mrefu anayeuza maandazi hapo kona. Mumewe Oduor alikuwa fundi wa magari, na kila walichopata walikiweka kwa jina lake, kwa sababu ndivyo walivyozoea. Oduor alipofariki, benki ilimwambia Milcah wanamsikitikia sana lakini aende kortini. Bado anaenda. Mara faili halipo, mara hakimu amehamishwa, mara shemeji amejitokeza na karatasi yake. Na Milcah ni mtu wa hapa, mwenye lugha ya hapa na ndugu wa kumsemea. Nikamtazama Wanpen akifunga mifuko yake ya uyoga nikajiuliza, mimi nikianguka leo, huyu atamwambia nani nini? Baba, jibu nililopata halikunipendeza. Ndiyo maana niliamua, na nikishaamua unajua nilivyo, maana tabia hiyo niliitoa kwako.

Basi tukaenda benki. Usidhani ilikuwa kazi ya kuingia na kutoka. Mimi waliniomba kitambulisho na namba ya kodi, wakatosheka. Yeye waliomba pasipoti, kibali cha kukaa nchini, kitambulisho cha mgeni, namba ya kodi, na cheti cha ndoa. Cheti chetu kimeandikwa kwa Kithai, hakuna herufi hata moja ambayo ungeitambua, kwa hiyo tukarudi nyumbani, tukatafuta wa kukitafsiri, kisha wakili wa kukigonga muhuri. Tukarudi. Wakauliza ushahidi wa mahali tunapoishi. Stima ni ya Mama Shiko na maji ni ya Mama Shiko. Nilidhani hapo tumekwama, lakini Mama Shiko akaja nasi mwenyewe na kofia yake ya kanisani pamoja na barua ya chifu, akawaambia hawa ni watu wake, anawajua, yeye ndiye anayewasikia wakigombana.

Aliyetuhudumia anaitwa Mitchelle, msichana wa rika la Joyline, mpole na mwenye kucha ndefu. Alipofika kwenye sahihi akawa na wasiwasi, kwa sababu Wanpen huandika jina lake kwa herufi za kwao. Akamwomba aandike tena, na tena, ili aone kama zitafanana. Zilifanana kama zimepigwa chapa. Akaja kwangu. Baba, sijui niseme nini. Yangu ya kwanza ilikuwa na mkia, ya pili haikuwa nao, na iliyofuata ilionekana kama imeandikwa ndani ya tinga tinga. Mitchelle akaniambia kwa adabu, "Sir, hii nayo haifanani na ile," na Mama Shiko akacheka mpaka kofia ikasogea. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba katika akaunti hii kuna mmoja ambaye mkono wake hauaminiki, ujue ni mwanao.

Kisha akatuuliza pesa zitatolewaje, kwa sahihi ya mmoja wetu yeyote au kwa sahihi za wote wawili. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema yeyote, maana ni rahisi, mtu hutaki kumburuta mkeo mjini kila ukitaka kununua mifuko. Wanpen akasema wote wawili. Nikamwambia itatusumbua. Akasema acha itusumbue. Alisema anajua Keringet watu wanasema nini juu yake na ndege. Hata mimi sikujua kwamba ameambiwa. Kwa hiyo sikiliza vizuri, Baba. Hata akipanda ndege kesho asubuhi, hawezi kutoa hata nauli ya kufika uwanja wa ndege bila mkono wangu. Nami siwezi kununua boda boda bila mkono wake. Sharti hilo aliliomba yeye. Wewe ulitaka kuweka mlinzi, na huyo mgeni wako amejiwekea mlinzi mwenyewe.

Mpaka hapo nilikuwa najiona mwanamume aliyemaliza kazi. Lakini fomu ilikuwa na swali moja lililobaki. Mitchelle akauliza pesa za kwanza zitatoka wapi, kwa sababu zikitoka nje ya nchi lazima waandike ni za nini. Nilitaka kusema ni za uyoga. Wanpen akanitangulia. Akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, huku akitabasamu kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo, "Ni pesa ya mahari. Mama yangu anarudisha yote."

Hii ndiyo nusu ya pili, Baba. Usisimame.

Ninajua ulichokisoma hapo, kwa maana ndicho nilichokisikia. Mahari yangu imerudishwa. Wewe uliuza Lelmet, mtamba wako mwenye kichwa cheupe ambaye Mama alimlea kwa chupa, ukauza na yule mweusi aliyemfuata, ukachangiwa na baba wadogo, ukanitumia ili mwanao asiende kwa watu mikono mitupu. Nilikutumia picha ya sinia ile, pesa zimepangwa juu yake na maua pembeni, ukaniuliza kwa nini wanazianika kama nyanya. Sasa mke wangu ameketi kando yangu ndani ya benki, mbele ya msichana wa watu na mbele ya Mama Shiko, anasema kwa furaha kwamba zinarudi zote.

Nilisimama. Niliacha kiti, nikaacha karatasi, nikatoka. Mlinzi wa mlangoni, Masinde, ambaye tulikuwa tumezoeana kwa kwenda na kurudi kwetu, akaniita nyuma, "Boss, na si umesahau bibi huko ndani?" Nilitembea mpaka Nyayo Gardens nikaketi kwenye nyasi kama mtu aliyeshindwa kesi.

Unajua nilikuwa naona nini pale? Nilikuwa naona ng'ombe wakirudi. Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi wakati Mzee Kigen alipoamua binti yake ameteseka vya kutosha kwa mumewe, akawarudisha ng'ombe wa watu. Tulisimama kando ya barabara tukawatazama wakipita, na hakuna aliyepiga mluzi. Kila mtu alijua maana yake. Ng'ombe wakirudi, hakuna mke tena, hakuna shemeji, hakuna salamu. Nikafikiri, kumbe mama yake Wanpen amekuwa akinitazama kwa mbali tangu harusi, ameona ninakaa chumba kimoja Kaptembwo na mifuko ya uyoga, amechoka, anamchukua binti yake. Na Wanpen anajua, na anatabasamu. Baba, niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata ile siku lori la mafuta liliposhika moto Sachangwan, tulipokuwa tunawatafuta watu wetu kwa simu. Nilimpenda mke wangu pale kwenye nyasi kuliko siku zote, na nilikuwa na hakika nimeshampoteza.

Yeye alimaliza fomu. Akaweka sahihi yake mahali pote palipotakiwa, akachukua pasipoti yake na karatasi zangu, akamwomba Mama Shiko arudi nyumbani, akaja akanikuta. Sijui aliniona vipi katika umati wa pale bustanini. Alikuwa na hasira ambayo sikuitegemea. Kwao, kumwacha mtu peke yake mbele za watu, tena katika jambo lake, ni kumvua nguo. Hakunipigia kelele. Alinipa karatasi zangu, tukarudi Kaptembwo, akatoa kile kinu chake cha mawe akaanza kutwanga pilipili, na kwa jinsi alivyotwanga niliona afadhali nianze kuzungumza mapema.

Nikamweleza. Nikamweleza habari ya Mzee Kigen na ng'ombe wake, na maana ya mahari kurudi. Akaacha kutwanga. Kwanza alicheka, nikaudhika. Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka, akaketi chini kabisa sakafuni akashika kichwa.

Ndipo akanieleza ya kwao. Siku ya harusi mahari huwekwa kwenye sinia mbele ya wageni ili kila mtu aone kwamba bwana harusi hakuja kucheza. Baada ya hapo wazazi wa msichana wanaweza kuzila, na hakuna atakayewalaumu. Lakini wazazi wanaompenda mkwe wao huzirudisha kwa watoto ili waanzie maisha. Mama yake hakuzirudisha siku ile. Aliwaambia dada zake kwamba mimi ninaonekana mtu mzuri, lakini hata bata huonekana mtulivu akiwa majini, kwa hiyo atangoja kwanza aone. Basi amekuwa akingoja. Amekuwa akimuuliza Wanpen kila wanapozungumza kama ninamsaidia kuchemsha mabua, kama ninakunywa, kama ninamwita kwa jina lake. Na mwezi uliopita Wanpen alipomwambia kwamba mume wake anataka waweke majina mawili kwenye akaunti, mama yake alisema, basi pesa za mtoto huyo zirudi nyumbani kwake. Hiyo ndiyo zawadi aliyokuwa akiificha. Alitaka nishangae nikiwa benki. Nilishangaa.

Nilimwomba mke wangu msamaha, nami sikumwomba kwa mdomo tu, nilimaliza zile pilipili zote mwenyewe mpaka macho yakafura. Lakini hata baada ya kusameheana tulibaki na shida ile ile. Nikikataa pesa hizo, mama yake atajua nimemtupia moyo wake usoni. Nikizipokea, wewe utasikia mahari imerudi, na hakuna maelezo ya sinia na maua yatakayofika Keringet yakiwa mazima. Kuna aliyenishauri nisikuambie. Nilikataa. Sitaki kuishi nikiogopa kila mgeni anayefika kwako.

Tulikaa na jambo hilo, hatukupata pa kulishika, mpaka nikakumbuka mwisho wa kesi ya Mzee Kigen. Wewe ulikuwa mmoja wa wazee walioketi. Ng'ombe wote walikuwa wamerudi isipokuwa yule mmoja mchechemeaji, aliyelala barabarani akakataa kuamka, wakamrudisha kwa Kigen kwa mkokoteni. Mume wa yule binti akaja akilia kwamba bado anamtaka mkewe, na wengine wakasema kesi imekwisha. Wewe ukasema haijaisha. Nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala na nilikusikia kwa masikio yangu. Ulisema, "Ng'ombe mmoja akibaki akinywa maji kwa baba yake, huyo msichana bado ni bibi ya mtu." Ukasimama hapo hapo, hukusogea, na wazee wakakubali. Leo binti huyo ana wajukuu, na kila Krismasi anakuletea asali.

Nikamwambia Wanpen maneno yako kama yalivyo. Akachukua simu akampigia mama yake, wakaongea kwa Kithai muda mrefu, na mimi nikaketi nikitazama uso wake kama mtu anayetazama mechi asiyojua sheria zake. Alipomaliza akaniambia mama yake alikuwa na maswali. Aliuliza ng'ombe huyo awe jike au dume. Aliuliza kama wa rangi nyekundu atakubaliwa. Aliuliza kama ni lazima awe mchechemeaji.

Siku ya mnada wa kwao mama huyo alikwenda na kaka yake, akachukua katika zile pesa za mahari kiasi cha kununua ng'ombe, akanunua. Zilizobaki zimeingia katika akaunti yetu, na zitajenga banda la uyoga kule Sachangwan, karibu na wenye ngano. Joyline ana picha katika simu yake, mwambie akuonyeshe. Ni mtamba, mwekundu, masikio yanalala na ana nundu, najua utasema huyo si ng'ombe kamili. Amefungwa chini ya nyumba yao, ambayo imesimama juu ya nguzo, na yule mama aliyemshika kamba ndiye mkwe wako. Hajawahi kufuga ng'ombe. Wanpen anasema amekuwa akimwamkia kila asubuhi na kumpelekea maji mwenyewe kwa ndoo, kwa sababu ameambiwa kwamba ndoa ya mwanawe inategemea ng'ombe huyo anywe maji.

Kwa hiyo, Baba, mahari yako imerudi na haijarudi. Ng'ombe wako mmoja yuko kwa wakwe zako na anakunywa maji. Kama maneno yako ya wakati ule yalikuwa ya kweli, basi Wanpen ni mke wangu kwa sheria ya kwenu, kama alivyo kwa sheria ya kwao na kwa sheria ya benki. Kama hayakuwa ya kweli, utalazimika kumwambia binti ya Mzee Kigen.

Juu ya akaunti siombi ruhusa. Imefunguliwa na itabaki ilivyo. Desemba tutakuja Keringet, utufunge segutiet au usitufunge. Tutakuja na mikono yetu, tutakuchimbia viazi vilivyobaki, na Wanpen atampikia Mama ule uyoga aliokataa kuonja. Ningependa utufunge. Nasema wazi kwamba ningependa sana.

Lakini kuna jambo moja ninaloliomba, na haliwezi kufanywa na mtu mwingine. Mama yake Wanpen alisikia kwamba kwetu kila ng'ombe ana jina, na kwamba anayempa jina ni mwenye ng'ombe. Ng'ombe yule ni wako. Mama huyo amekataa kumpa jina lolote. Majirani wakimuuliza, anawaambia jina liko njiani, linatoka kwa baba wa mkwe wake. Wewe ulitaka kuja Nakuru na koti kuweka mkono wako, ukaona tumekunyima mahali. Mahali pako ni hapa. Nimeacha nafasi mwisho wa ukurasa huu. Andika jina, kisha umpe Joyline barua arudi nayo.

Mpe Mama salamu zangu, na umwambie asimlaumu Joyline kwa kukaa jikoni bila kazi. Wasalimie kaka zangu na wake zao, na baba wadogo wote, hata wale waliocheka Pasaka. Msalimie Mzee Kosgei, na ukimpigia simu sasa, msimulie nusu zote mbili. Mungu akutunzie goti.

Barua hii, kama akaunti yetu, haina nguvu bila sahihi za wote wawili. Yangu safari hii nimeiwekea mkia.

Sisi wanao,

Kiplangat

วันเพ็ญ

Jina la ng'ombe: ................................